Gegedu la Mama katika Pua ya Bibi

Ng'ombe wa bibi mzaa mama, kule Uru, alimpiga pembe usoni bibi alipokuwa akimlisha migomba. Mfupa wa pua uliunga, lakini gegedu, ile sehemu nyororo inayoisimamisha pua, likaoza. Pua ikadidimia, bibi akawa anapumua kwa mdomo. Daktari mmoja wa Moshi alisema gegedu la ubavuni lingefaa, ila la bibi lilishakuwa gumu kama mfupa kwa uzee. Mama akasema achukue lake.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nasubiri kupangiwa kazi, na somo la kinga ya mwili lilikuwa bado bichi kichwani. Mwili hushambulia kitu cha mtu mwingine. Nilimweleza bibi hayo kwa uangalifu niliodhani unatosha.

"Mama yako nimemzaa mwenyewe," alinijibu. "Pua yangu itamkataaje?"

Daktari alijaribu kunituliza: gegedu halina mishipa ya damu, na seli zake zimejificha ndani ya ukuta mgumu, kwa hiyo askari wa mwili hawazifikii kwa urahisi. Mimi nilishika hayo maneno "kwa urahisi" tu.

Bandeji ilipotolewa, pua ilikuwa imesimama vizuri. Jumatatu nikaenda wodini nikaikuta nyekundu, imevimba, inatoa majimaji. Nikajua ndiyo hayo. Kipande kitatolewa, na mama, ambaye bado alitembea ameinama upande, atakuwa ameumia bure. Nilimfuata daktari nikiwa nimeshapanga namna ya kumwambia mama.

Daktari akaja, akamulika pua kwa tochi, akapangusa ndani kwa pamba. Pamba ikatoka na vumbi la kahawia. Akainusa, akapiga chafya.

"Bibi, huu si ugoro?"

Bibi akatazama dirishani. Kisha akaeleza kwamba jana yake mkwe wake, babu yangu mzaa baba, wa Machame, alishuka kumjulia hali, akafungua kikopo na kumkaribisha, kama wazee wanavyofanyiana.

"Ningemwambia nini mkwe? Kwamba nina pua mpya, sasa naringa?"

Mama, aliyekuwa ameshafika mlangoni, alicheka ameshika ubavu, akimsihi asiendelee. Ugoro ukapigwa marufuku, pua ikasafishwa kwa maji ya chumvi, na baada ya siku chache uvimbe ukaisha. Bibi akalala amefunga mdomo.

Hata hivyo nilimuuliza daktari kama kipande kingeweza kulika baadaye. Alikiri kwamba kwa miaka mingi huenda kikapungua kidogo.

"Hata mimi napungua," bibi akasema. "Mwacheni mwanangu akae."