Mchoro Mfukoni mwa Shemeji

Kompyuta yangu ilikuwa ya zamani hata siku niliyoipata. Ofisi moja niliyoitengenezea mashine za chapa iliitoa stoo, nami nikaibeba kichwani hadi nyumbani, mtaani Rwezamenyo. Nilijifunza kuifungua kwa kitabu cha Kifaransa na kamusi. Jioni nilicheza mchezo wa ndege za vita, ambao uliganda kila nilipofika juu ya milima. Mashine ilihitaji vipande vinne vya kuongeza kumbukumbu yake, na vilipatikana Bujumbura, ng'ambo ya mpaka.

Huo ulikuwa mwaka wa tatu wa vita. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa anakwenda Bujumbura kuleta vitenge, na alitaka jibu kabla ya asubuhi. Niagize sasa, au ningoje? Nikingoja, huenda vita vikaisha na vizuizi vya askari vikapungua njiani. Huenda pia barabara ikafungwa kabisa.

“Baba watoto,” mke wangu alisema, “ndege za angani hazikutoshi?”

“Mwache,” shemeji akasema. “Mume wako ni rubani. Kazi yake kuanguka.”

Niliamua: sasa. Kwa kuwa sikutaka muuzaji akosee, nilimchorea shemeji ubao wote wa ndani ya mashine, kwa rula, waya kwa waya, na herufi na namba zake, na mshale ukionyesha vipande vinapokaa. Aliikunja karatasi akaitia katika mfuko wa shati.

Kesho yake saa nne, nikibadilisha utepe wa mashine ya chapa, niliona dirishani askari wakimpekua mpita njia. Walitoa karatasi mfukoni mwake, wakaigeuza juu chini, kisha wakamtazama usoni. Niliuona mchoro wangu kama askari yule angeuona: waya, namba, mshale. Redio ya siri. Siku zile watu waliitwa wasaidizi wa adui kwa makosa madogo kuliko hayo.

Nilikimbia hadi kituo cha teksi. Teksi ya Bujumbura ilikuwa imeondoka tangu alfajiri.

Siku ya kwanza sikumwambia mke wangu. Siku ya pili nilimwambia. Alivuta kigoda akakaa akitazama lango. Nilichana michoro mingine yote daftarini nikaichoma kwenye jiko la mkaa. Kila gari lilipopunguza mwendo nje, nilichungulia langoni.

Siku ya nne, mchana, shemeji aliingia na furushi la vitenge begani.

“Karatasi iko wapi?” niliuliza kabla ya salamu.

“Iko tumboni, shemeji. Kizuizini, yalipobaki magari mawili mbele yetu, niliifungua nione umenituma nini. Nikaila na muhogo.”

“Yote?”

“Wewe ndiye uliyechora karatasi kubwa.”

Mke wangu alicheka, kisha akalia, akimshika kaka yake mkono wa shati.

“Vipande sikuleta,” shemeji alisema. “Muuzaji aliniuliza vipande vyenye meno mangapi. Nikamwambia jibu nimelimeza. Mwezi ujao narudi. Unichoree tena?”

“Ngoja,” nilisema.

“Mpaka lini?”

Jioni ile niliwasha mchezo. Nilifika juu ya milima, ndege ikaganda hewani. Nikaiacha hapo, nikasikiliza kama kuna gari linalopunguza mwendo langoni.