Eda ya Zabibu

Bi Asmahani wa Mtendeni hakuwa mtu wa kufuga. Kwake paka ni mwizi na kuku ni kitoweo. Sungura walikuwa wa mumewe, Humaid, aliyewanunua uzeeni, dume na jike, akawaita Tende na Zabibu kwa kuwa vyote viwili aliviuza dukani kwake. Kila asubuhi aliwasalimia wao kwanza, mkewe baadaye. Mkewe alinung'unika miaka yote hiyo, akanung'unika hata asubuhi ile Humaid alipoanguka dukani asiinuke tena.

Bi Asmahani akaingia edani: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba ya marehemu, bila hina, bila udi, bila kutoka pasipo dharura. Waliokuja kuhani walikaa siku zao, wakala, wakarudi kwenye shughuli zao, na nani awalaumu? Wiki ya saba Tende naye akavimba tumbo, akafa. Zabibu akajikunyata kwenye kona ya banda, akaupa ulimwengu mgongo, mchicha ukanyauka mbele yake.

Hapo ndipo Bi Asmahani, ambaye hakuwahi hata kumgusa, alipomtoa na kumpakata. Tangu siku hiyo walikaa mkekani pamoja, wajane wawili. Haifa, binti yake wa pekee, aliposema watafute dume mwingine, mama alikuja juu.

"Mwenzake hata hajapoa kaburini, wewe unataka aolewe? Na yeye akae eda!"

Haifa akacheka akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha hata kidogo. Zabibu akawa hali ila kwa kubembelezwa, mbavu zikaanza kuhesabika, mpaka Haifa akaacha kuomba ruhusa. Akamwita Levina, mkulima wa Goweko anayefuga sungura na kuleta mboga mjini kila Jumamosi.

Levina alifika na matenga mawili, dume mweupe ndani ya moja.

"Shikamoo, mama. Pole kwa msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa."

Levina akampapasa Zabibu mgongo, uso ukambadilika. "Mama, huyu upweke unammaliza. Dume nimemleta umwone tu, lakini tusiwakutanishe hapa. Jike ndiye anayepelekwa kwa dume. Ukimwingizia dume bandani kwake, atamrarua."

"Mwenye eda hatoki," Bi Asmahani akasema. "Huyo dume aingie bandani."

Levina akamtazama Haifa, Haifa akatazama chini. Mwenye nyumba akishasema, mgeni afanye nini? Dume akaingizwa. Haikupita dakika, Zabibu, aliyekuwa hana nguvu za kutafuna jani, akamrukia mgeni kwa meno na kucha. Levina alipomtoa, sikio la dume lilikuwa limechanika.

"Mmeona? Hamtaki," Bi Asmahani akasema, na moyoni akafurahi, furaha iliyomtia aibu hapohapo. Zabibu alikuwa amelala ubavu, anahema kama anayekata roho.

"Si kwamba hamtaki, mama," Levina akasema polepole. "Hapa kila kitu kinanuka mumewe."

Bi Asmahani akageuka kutazama ndani. Chumbani kanzu ya Humaid ilikuwa bado imetundikwa, na alikuwa amemkataza Haifa asiifue. Machozi ambayo hakuyatoa mbele ya waliokuja kuhani yalimtoka sasa, mbele ya muuza mboga.

"Akienda huyu," akasema, "mimi nitabaki na nani?"

Haifa, aliyekuwa akija mara moja kwa siku na kuondoka mbio, akautazama mkoba wake.

Bi Asmahani akakunja kanga, akaitandika ndani ya tenga la pili, akamlaza Zabibu mwenyewe. Akalibeba tenga mpaka mlangoni, akamkabidhi Levina.

"Mpeleke. Usimrudishe mpaka wawe wamezoeana."

"Wiki tatu, mama. Nitawaleta wote wawili."

"Mimi bado siku arobaini na mbili," Bi Asmahani akasema. "Utanikuta."

Alisimama upande wa ndani wa kizingiti mpaka bodaboda ya Levina ikapotea kwenye kona. Haifa alikuwa ameshachukua mkoba wake. Mama akamshika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba.

"Leo usiondoke mapema, mwanangu," akasema. "Mimi pia sili."