Mtani Aliyekataa Kutania

Msiba ulikuwa wetu, Kiwalani. Mtoto wa dada yangu alikwenda nchi ya watu kusomea uinjinia. Ada ilipokatika akaambiwa akiingia jeshini mwao atapewa uraia. Wakampeleka mstari wa mbele, kwenye vita ambavyo hata chanzo chake hakukijua. Akafa. Tulipigiwa simu tu. Mwili haukuja, na dada alitaka kitu kimoja: amzike mwanawe.

Wanaume walikaa chini ya turubai wakinywa kahawa yetu, wamegawana pande kama wako uwanja wa mpira.

"Wale marafiki zetu tangu enzi za ukombozi," mmoja akasema. "Wanadai ardhi yao ya zamani irudi. Haki yao!"

Mwenzake akatetea upande wa pili: hao nao wana marafiki wenye mabomu, na marafiki wana marafiki, wakiingia wote shughuli inaisha wiki moja. Alisema hayo huku anatafuna kashata.

Ndivyo vita vinavyonenepa. Huyu anadai taifa lake ni bora, yule anakumbuka dola aliyokuwa nayo babu yake, mwingine anaingia kwa kuwa aliahidi, halafu wote wanatafuta mtoto wa mtu wa kumtanguliza.

Wala sie Wangoni tusijitie usafi. Mababu zetu walitoka kusini wakipiga kila waliyemkuta, na aliyebaki hai wakamfanya Mngoni. Walipokutana na Wahehe waliuana mpaka wakachoshana. Leo kilichobaki ni utani. Mhehe anakuja msibani kwetu, anajilaza mbele ya jeneza, anatangaza kwamba marehemu alikuwa mla panya na hapiti mtu mpaka apewe chochote. Mfiwa anajikuta anacheka na machozi yanamtoka.

Mtani wetu ni Mhehe, mama mshonaji wa mtaa wa nyuma. Alifika kajifunga kanga kiunoni, tayari kwa fujo. Akachungulia sebuleni, akachungulia uani, akarudi kwenye turubai.

"Shikamooni, wazee. Maiti iko wapi nianze kazi yangu?"

Yule wa mabomu akatia simu mfukoni.

"Hao mnaowashangilia watapatana," mama mshonaji akasema. "Watashikana mikono, watakula meza moja. Nani kati yao atakuja kumtania huyu mama hapa Kiwalani?"

Mzee mmoja akaguna kwamba siasa za dunia ni ngumu. Nikamwambia anyanyuke aende zake. Sikujali ni mjomba wa nani.

Mama mshonaji akaingia ndani, akakaa mkekani kando ya dada. Dada akamng'ang'ania mkono.

"Mtukane basi mwanangu, kama mnavyofanyaga. Nicheke kidogo."

Mama mshonaji akatikisa kichwa. "Simtukani marehemu ambaye sijamwona. Akija nitamtukana vizuri, mpaka unifukuze."

Hiyo ni mwaka jana. Zamani tukikutana dukani alikuwa ananiuliza kwa sauti nimekula panya wangapi, na watu wote wanageuka. Siku hizi ananisalimia kwa adabu, kama mkwe. Juzi nikashindwa kuvumilia, nikamchokoza mwenyewe, maana Wahehe nao tunawaita wala mbwa: wale mbwa wa mtaani kwao amewala wote?

Hakucheka. Akanishika bega, akauliza, "Wamemleta?"