Mume wa Shosho

Juzi mwalimu alituambia habari za Wagiriki wawili wa kale. Mmoja alisema kila kitu kinabadilika, hata mto ukiuingia mara ya pili unakuta maji mengine. Mwingine akasema kilichopo kipo tu, hayo mabadiliko ni macho yanatudanganya. Kisha mwalimu akauliza kama lugha zetu za nyumbani zinatofautisha kuwa kitu na kugeuka kitu. Mfilipino akajibu, Mmisri akajibu. Mimi nilijua kwamba sisi tuna "kuwa" moja tu, inabeba yote mawili, lakini siongei darasani tangu nivunje sauti.

Hata nyumbani siongei sana. Shosho, mamake mama, ndiye aliyenilea hadi nikaletwa huku Fereej, mtaa wa nchi ya Waarabu mama anakofanya kazi, nikiwa na miaka tisa. Macho yake yameisha, kwa hivyo hata tukimpigia kwa video hanioni. Alikuwa ananijua kwa sauti. Aliniita mume wangu, vile mashosho wa kwetu huwaita wajukuu wa kiume, na tena mimi nina jina la babu, mumewe, ambaye alikufa kabla nizaliwe.

Sauti ilipoanza kukwaruza niliona haya, nikawa namtumia salamu kupitia kwa mama. Miezi hiyo hiyo akaanza kusahau watu.

Jana Ijumaa mama hakuwa na zamu hospitalini. Tulipotoka kanisani, maana huku ibada ni Ijumaa, akampigia, wakaongea, halafu akanisukumia simu ikiwa kwa spika. "Ongea naye sasa, kabla akusahau na wewe."

"Habari yako, shosho."

"Nani huyo?"

"Ni mimi."

"Hata mwizi akibisha husema ni mimi."

Mama akacheka. Mimi sikuweza. "Ni mume wako, shosho."

"Wacha mchezo. Mume wangu ana kasauti ka kifaranga. Wewe si ndiye kijana wa kukata stima?"

"Nimekua, shosho."

"Umekuwa nani?"

Mama akaacha kucheka.

"Nimekua tu," nikasema polepole. "Ni mimi yule yule."

Sauti yake ikawa laini, sijawahi kumsikia hivyo.

"Mume wangu," akasema. "Umekuwa wapi siku hizi zote? Chakula kimepoa."

Nilifurahi kidogo tu, halafu nikamwona mama amefunika mdomo. Akaninong'oneza kwamba niliposema "ni mimi yule yule", hata yeye alidhani anamsikia babake, babu yangu.

Sasa sijui ni nani aliyeitwa. Nilitaka kumuuliza shosho, wewe unaongea na mume yupi, mimi au yule wa kaburini? Mama akanitikisia kichwa, nisiulize.

"Nipo, shosho," nikasema.

"Basi njoo ule."

"Nakuja."