Mukwe Yangu Konseye Aliongea na Ukuta

Mwaka ule Bazungu balikubali kwa mara ya kwanza banaume ba cité, mitaa ya bantu beusi ya Élisabethville, bachague bakubwa babo. Banamuke, hapana. Sisi tulikuwa ba kuteka mayi tu, na robine, bomba ya mayi, ilikuwa mbali. Bwana wa binti yangu wa kwanza njo alishinda, akakuwa konseye, mukubwa mu baraza ya cité. Mbele ya siku ya kura alizunguka manyumba yote, anaahidi robine kwa avenue yetu, ile barabara ya kwetu. Kiisha kushinda, robine ikakufa mu kinywa yake.

Siku ya mungu moya akaita bantu mu salle ya paroisse, pale kwa kanisa, abaelezee politike ya Kongo nzima. Sasa, kwetu muntu na mama-mukwe wake habaangaliane mu macho. Hata salamu inapita kwa muntu wa kati. Akiniona mu njia, konseye anaingia mu mufereji. Ile nilijua muzuri. Nikavaa kikwembe yangu ya misa, nikaikala banc ya kwanza, katikati kabisa.

Akapanda mbele na kravati, akainua macho. Mara moja akageukia ukuta. Politike yote aliitoa kwa ukuta: Kongo ya kesho, Bazungu, umoja wa bantu bote. Sisi tunaona mugongo, na shati inatoka mu suruali. Mwalimu mumoja akamulomba ageuke. Akajibu: ku Bruxelles ni vile banaongeaka.

Bantu balicheka. Mimi sikuenda pale kwa kucheka. Nikamugeukia jirani yangu, muke wa fundi wa nguo, nikasema kwa sauti ya kusikika mupaka inje:

“Mama, uniulizie mukwe yangu, hii Kongo nzima itakunywa mayi gani?”

Jirani akasimama, akauliza. Kwetu muntu hawezi kumukatalia mama-mukwe mbele ya bantu; afazali akatalie serikali. Konseye akazidi kuangalia ukuta. Masikio ikatoka jasho.

“Umwambie mama, robine itakuya yenga hii, mbele ya siku ya mungu ingine.”

“Umuulize, avenue gani?”

“Avenue yake. Mbele ya mulango yake.”

Nikasimama, nikatoka, konseye apate kugeuka amalize Kongo yake.

Robine ilikuya kweli, mbele ya mulango yangu. Lakini hakufikiri muzuri: njia ya kwenda kwake inapita pale pale, na mimi asubuhi niko pale, magaribi niko pale. Konseye akaanza kuzunguka avenue tatu kila siku, na kravati yake, kwa mvua na kwa vumbi. Binti yangu akakuya kunilomba nitekeke mayi mbio, bwana wake apate kupita. Nikamujibu: kuzunguka avenue tatu haiue mwanaume.