Kiti cha Mia na Themanini Hakikodishwi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, guta la magurudumu matatu lililosheheni viti vya plastiki linasimama mbele ya nyumba yenye msiba, upande wa Kiwalani. Tunu Kondo anashuka, anakaza kanga kiunoni na kuanza kuhesabu viti kwa sauti ya chini. Macho yake, hata hivyo, hayako kwenye viti. Yako uani, kwenye sufuria kubwa la maji ambalo wanaume watatu wanalitazama kama vile litajibeba lenyewe hadi jikoni.

Anatokea mwanaume wa nne, kavaa ndala za rangi mbili tofauti. Anashika mkono mmoja wa sufuria, na mmoja wa wale watatu, kwa aibu, anashika wa pili.

"Huyo," anasema Tunu, "uchaguzi ujao."

Tunu, mwenye umri wa miaka 51, ana kazi mbili. Ya kwanza inamlisha: anakodisha viti, turubai na masufuria ya shughuli. Ya pili anailisha yeye: ni katibu wa kata wa Chama cha Wakazi na Ustawi, chama ambacho wengi wa wakazi hawajawahi kukisikia na ustawi wake unabebwa na guta.

Alama ya chama ni kinu na mchi. Ukisalimiwa "Kinu!" unatakiwa uitike "Na mchi!" Mitaani mwake watu huitika "Na pilau!" na yeye hupokea hivyo hivyo, kwa maelezo kwamba aliyeitika kakusikia. Rangi ya chama ni kahawia. Waasisi walisema ni rangi ya udongo wa nchi. Tunu anasema ni rangi isiyoonyesha uchafu.

Kazi yake chamani ni kutafuta watu: wa kujitolea kwanza, kisha wa kugombea. Wa kujitolea kaandikisha ishirini na watatu kwenye daftari. Wanaokuja ni sita, na kukiwa na chapati, tisa.

Wagombea huwatafuta misibani. Hatafuti anayeongea vizuri, kwa kuwa anasema waongeaji wameshachukuliwa na vyama vyenye magari. Yeye hukaa pembeni ya turubai lake na kuangalia nani anabeba bila kutumwa, nani akisema "jamani tusogee" watu wanasogea, na nani anabaki kuosha masufuria wakati wenzake wamekumbuka ghafla kwamba wana dharura nyumbani.

"Harusini kila mtu mzuri," anasema. "Mtu utamjua msibani siku ya tatu, wali umekwisha na vyombo vipo."

Ndivyo alivyompata Kasiani Namangaya, fundi seremala mwenye umri wa miaka 44, mzaliwa wa Mtwara, mtu ambaye akisema maneno kumi kwa siku basi katika kumi hayo mawili ni salamu. Ndiye anayegombea udiwani wa kata mwaka huu. Au tuseme, siku ya masimulizi haya, iliyotangulia msiba huu, ndiye aliyetakiwa awe mgombea ikifika saa kumi jioni.

Siku hiyo ilikuwa ya mwisho kurudisha fomu.

Kwa Tunu haikuwa fomu tu. Katika miaka kumi na moja ya ukatibu wake kinu na mchi havijawahi kuonekana kwenye karatasi ya kura ya udiwani katika kata hii. Uongozi wa mkoa ulishamwandikia barua fupi yenye muhuri mkubwa: akikosa mgombea mara ya tatu, tawi lake litaunganishwa na la jirani na cheo chake kitakufa.

Mara ya kwanza mgombea aliyemwandaa kwa miezi minne alisafiri kwenda Newala kuvuna korosho wiki ile ile ya fomu. Alipopigiwa simu alijibu kwamba siasa ipo kila mwaka. Tunu alimkumbusha kwamba hata korosho nazo zipo kila mwaka, ila simu ilikuwa imeshakatwa.

Mara ya pili kosa lilikuwa lake, na hulisimulia mwenyewe kabla wengine hawajamsimulia. Fomu inataka wadhamini kumi, wapiga kura walioandikishwa kwenye kata. Yeye akaona njia ya mkato: palikuwa na msiba mkubwa, watu wengi, na yeye ndiye mwenye viti. Akaiweka fomu juu ya meza ya mlangoni, kando ya daftari la waliofika kuhani, akaenda kusimamia chai.

Ndani ya nusu saa alikuwa na saini zake zote. Alizisoma kwa mara ya kwanza akiwa tayari kwenye foleni ya kurudisha. Penye namba ya kadi ya mpiga kura, mmoja aliandika "Tupo pamoja nanyi". Mwingine aliandika "mchele kilo tano". Wa tatu aliandika jina la marehemu, kwa kudhani linahitajika.

"Niliikunja, nikatoka kwenye foleni," anasema. "Ningempa nani? Nilikuwa nimeleta rambirambi, siyo fomu."

Safari hii akaapa hakuna fomu kukaribia turubai. Alipita nyumba kwa nyumba na Adelina, muuza mitumba mwenye umri wa miaka 29, ambaye kati ya wale sita ndiye asiyeuliza kabisa kama kuna chapati. Walianza na daftari la kawaida, kupata majina. Waliwafikia watu thelathini na mmoja, Adelina na wa kujitolea wenzake wakiwemo. Kumi na mmoja kadi zao zilikuwa za kata nyingine, kwani watu wa Dar huhama chumba kwa wepesi na huhamisha kadi kwa uzito. Sita walikuwa wamepoteza kadi. Wanne walikiri kwamba chama wanakipenda ila wanaipenda na amani ya nyumba. Waliobaki kumi waliitwa siku ya mwisho, saa sita mchana, waje kusaini fomu yenyewe kwa mwandiko safi, kwenye baraza ya Tunu.

Walikuja. Tisa walisaini. Kasiani alikaa kwenye kona akiwa na shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, akimshukuru kila mmoja kwa kutikisa kichwa.

Wa kumi alikuwa Bi Tabu, muuza vitumbua wa kona. Alishika kalamu, akainama, kisha akaiangalia ile kalamu.

"Hii ndo kama ya yule kijana wa juzi," alisema. "Naye alikuwa na karatasi hivi hivi."

Adelina alimuuliza kijana gani. Ikajulikana kwamba ni wa chama kingine kidogo, aliyepita na fomu yake, akaamkia vizuri, akanunua vitumbua sita, na Bi Tabu akamsainia. Kwenye semina ya vyama walishaambiwa mdhamini mmoja, mgombea mmoja.

"Sasa mtoto wa watu kaja na adabu zake, nimkatalie nini?" aliuliza Bi Tabu, na kwa kweli adabu hiyo hiyo ndiyo iliyowaleta wale tisa. Alirudisha kalamu kwa uangalifu, kama anayerudisha chombo cha jirani.

Ilikuwa saa saba na robo.

Wa kujitolea walitawanywa kutafuta kadi moja ya kata. Adelina hakuondoka. Alimuuliza Tunu jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza kwa muda wote huo: kwa nini asisaini yeye mwenyewe?

Tunu alitoa pochi kifuani, akaifungua, akatoa kadi na kumkabidhi. Adelina aliisoma. Sinza.

Alijiandikisha huko enzi za ndoa. Ndoa iliisha, akahama na viti vyake, akakaa Kiwalani miaka kumi na minne, akawahimiza watu mtaa mzima wakahamishe taarifa zao, na ya kwake akawa anaisogeza mbele kila mara kwa sababu siku ya kuhamisha huwa kuna shughuli na guta linamsubiri. Ndege ilipita juu ya mabati ikielekea uwanjani. Kawaida watu wa huku hunyamaza ndege ipite ndipo waendelee. Ilipopita, Adelina alimrudishia kadi yake.

Saa nane wa kujitolea watatu walirudi mikono mitupu. Wa nne alirudi na muhogo wa kuchoma.

Saa nane na nusu Tunu akainuka, akachukua fomu, akavuka barabara kuelekea kijiwe cha kahawa. Kasiani na Adelina wakamfuata hatua chache nyuma.

Mtu mkuu wa kijiwe hicho ni Mzee Suleiman, 69, mwanachama wa chama kikubwa tangu ujana wake, mwenye kofia ya chama hicho ya kila uchaguzi. Yeye na Tunu hutaniana kila asubuhi. Humwita Bi Kinu, humwuliza kama wanachama wake leo wameongezeka wakafika wa kujaza bajaji. Tunu humjibu kwamba bajaji ikijaa watu wa kazi inatosha, kuliko basi la waliolala.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Leo umekuja na karatasi, utani umekwisha?"

Tunu alimweleza. Hakupamba. Alimwambia saini tisa anazo, ya kumi hana, na kwamba yeye mwenyewe mpumbavu wa kwanza, kadi yake ya Sinza. Wazee wawili walicheka hapo. Mzee Suleiman hakucheka. Alikuwa anamtazama Kasiani.

"Huyu ndiye aliyeshika mlingoti?"

Alikuwa anakumbuka mvua ya masika ya mwaka juzi, siku ya msiba wa mkewe. Maji yalikuwa yameingia uani na upepo ukang'oa mlingoti mmoja wa turubai, na wanawake na watoto walikuwa chini yake. Kasiani, ambaye hakumjua marehemu wala mfiwa, alikuwa amepita tu kurudisha benchi. Aliukamata ule mlingoti na kusimama nao kwenye maji ya magoti mpaka mvua ilipokatika, saa tatu baadaye. Kisha akaenda zake. Mwenye turubai alikuwa Tunu, na siku hiyo ndipo alipoliandika jina lake.

"Ndiye," alisema Tunu.

Mzee Suleiman aliweka kikombe chini. Mgombea wa chama chake wadhamini anao kibao, yeye hata hakuombwa. Aliagiza mjukuu wake akamletee kadi iliyo ndani ya koti la kijivu. Mwenzake mmoja alimnong'oneza kwamba watamsema tawini. Akajibu kwamba tawini wamemsema tangu mwaka wa themanini na mbili.

Kabla ya kusaini alimwinulia Tunu kalamu usoni.

"Kura yangu huipati. Hilo tuelewane. Sie wengine tumezaliwa kwenye chama, tutazikwa nacho. Lakini mtu kasimama majini saa tatu kwa ajili ya mke wangu, halafu jina lake likose karatasi? Hapana, binti. Jina liandikwe, kisha tumshinde vizuri."

Akasaini. Kasiani akamshukuru kwa kutikisa kichwa.

Bodaboda iliwabeba watatu, jambo lisiloruhusiwa na ambalo kwa siku hiyo halikujadiliwa. Fomu ilipokelewa saa tisa na dakika arobaini na tatu. Kesho yake jina la Kasiani Namangaya lilibandikwa ukutani pamoja na ya wengine. Tunu alilisoma, akarudi nyuma hatua mbili, akalisoma tena kwa mbali, kama fundi anayekagua kama turubai limenyooka.

Kazi yake ya chama haina mshahara. Kiti kimoja anakikodisha shilingi mia tatu kwa siku, na mwezi wenye misiba na harusi za kutosha hubakiwa na laki mbili na nusu baada ya guta, vibarua na sabuni. Mwezi wa uchaguzi hubakiwa na pungufu, kwa sababu chapati nazo zina bei.

Kuhusu kushinda, hana papara. Akikadiria kura za Kasiani hutaja mia nne, kisha anajirekebisha na kutaja mia tatu hamsini, zikiwemo za mafundi wote wanaodaiwa misumari na mgombea.

"Mie nilikuwaga naota tunashinda," anasema. "Sasa hivi naota tu mtu anaikunjua ile karatasi, anakutana na kinu, anajiuliza hiki nacho nini. Akijiuliza tu, nimefika."

Siku ya kura atatoka alfajiri kwenda Sinza, ambako chama chake hakina mgombea wa udiwani, apige kura za nafasi nyingine na kurudi mbio. Daftari la wapiga kura likifunguliwa tena kuhamisha taarifa, amemwahidi Adelina kwamba atakuwa wa kwanza kwenye foleni, shughuli au hakuna shughuli. Adelina ameiandika ahadi hiyo na kumsainisha.

Adelina ndiye atakayekuwa wakala wa chama ndani ya kituo. Chaguzi mbili zilizopita mawakala wa vyama vingine walikaa humo mchana kutwa, wakiangalia kura za watu wao, na wa kinu hakuwepo kwa kuwa hapakuwa na mgombea wa kulindiwa kura.

Viti vya Tunu viko mia na themanini, kila kimoja kina namba mgongoni. Wiki hii amekitoa kimoja, cha mwisho, akakiosha kwa brashi na kukipaka rangi ya kahawia. Kinamsubiri Adelina. Wasimamizi wakikataa kiti cha nje, kitabebwa tu na kukaa mlangoni, kimoja, kimeelekea kituo.

Jana alikuja mteja mwenye harusi, anataka viti vyote mia na themanini, analipa taslimu. Tunu alimwandikia mia na sabini na tisa. Mteja akanyoosha kidole kwenye kile cha kahawia ukutani, akasema na hicho je.

"Hicho," alisema Tunu, "kina mwenyewe."