Saa Kumi, Mlango Ukifungwa

Kwanza nilisikia mbao mbili za mlango zikigongana. Sikuona kitu. Nilikuwa nimetoka tu kwenye jua la Mtaa wa Biashara, na duka la kanga nililoajiriwa asubuhi hiyo liligeuka giza ghafla. Macho yalipozoea, nikaona doti zimepangwa hadi darini na uzi wa mwanga chini ya mlango. Nje, mafundi wa kupinda kanga walikuwa wamesimamisha vyerehani. Mwenye duka, mzee wa Kibokoni niliyemwita ami kama walivyomwita wote mtaani, alikuwa amekwenda kusali alasiri. Aliniacha ndani nikunje nguo.

“Nawe una Mola wako,” aliniambia akivaa kofia. “Wakati huu ni wako.”

Nilipomsimulia mama kwa simu jioni, alifurahi kuliko nilivyotarajia. Alikuwa nyumbani Rabai, moyo umedhoofu kiasi kwamba kanisani, hatua chache tu kutoka mlangoni, hakufiki tena. Akaniomba jambo moja: kila saa kumi, mlango ukifungwa, tusali Baba Yetu pamoja, yeye kule, mimi huku.

“Tukutane hapo,” alisema. “Nisiwe peke yangu.”

Wiki ya kwanza nilikwenda kila siku. Nilisimama kati ya kanga nikasali polepole, nikimpa nafasi ya kuvuta pumzi. Wiki ya pili nikawasha simu, nione saa tu. Nikakuta picha za harusi ya watu nisiowajua. Nikajiambia nitasali nikishamwona bibi harusi. Baada ya bibi harusi wakaja wapambe, kisha keki, kisha ugomvi wa watu wawili kuhusu keki hiyo, na mara mlango ukafunguliwa.

Ami aliona uso wangu umemulikwa na simu gizani. “Umesali leo, mwanangu, ama umesaliwa?”

Nilicheka. Ilinichukua muda kuelewa kwamba anayesaliwa ni maiti.

Kila jioni mama aliuliza kama nilikwenda, nami nikajibu kwamba nilikwenda. Sikuwa nimeacha kuamini. Ningekuwa nimeacha, pengine ningejua, ningelia, ningetafuta mtu wa kuniombea. Imani yangu ilikuwa inaondoka kwa kidole gumba, kidogo kidogo, na mimi nikitabasamu.

Jioni moja mama hakuuliza.

“Leo nimesahau maneno katikati,” alisema, “pale pa kusamehewa. Nikanyamaza, nikangoja wewe uendelee.” Nilisikia pumzi yake. “Uliendelea?”

“Niliendelea, mama.”

“Afadhali,” alisema, na sauti yake ikatulia kabisa.

Usiku huo nilimwahidi Mungu kwamba sitaikosa tena sala hiyo. Kesho yake, mlango ulipofungwa, niliificha simu chini ya doti za juu kabisa, nikafumba macho. Nilifika kwenye mkate wa kila siku. Kisha nikakumbuka kuna mteja aliyeahidi kutuma picha ya kanga aitakayo, nikapanda kigoda. Mteja hakuwa ametuma kitu. Lakini simu ilikuwa imeshawaka, na sikushuka.

Ilipolia niliipokea papo hapo, maana ilikuwa mkononi. Alikuwa mama mdogo, aliyekuwa akimuuguza. Hakuzunguka. Alisema mama alianza kusali kama kawaida, akafika katikati, akanyamaza. “Nikadhani anakungoja,” alisema. “Hakuendelea.”

Nilirudi kazini baada ya mazishi. Ami hakunitania. Alinipa mkono wa pole, akawaulizia jamaa zangu wote, mmoja mmoja, na alasiri ilipoadhiniwa alisimama na kofia mkononi, hajui aende ama abaki.

“Leo nikae nawe?” aliuliza.

“Nenda, ami. Nina sala niliyoikatiza.” Nikamnyoshea simu. “Ila nichukulie hii.”

Aliitazama, akanitazama. “Izime kwanza. Isije ikanitia aibu mbele ya imamu.”

Niliizima. Akaitia mfukoni mwa kanzu, akatoka kwenye jua. Midomo yangu ilikuwa imeshafunguka, pale pale pa kusamehewa, nilipoziona zile mbao mbili zikikutana nyuma yake.